Kazi Isiyoonekana

Siku moja niliwaambia wanafunzi wa darasa la sita waandike katika madaftari yao kazi wafanyazo wazazi wao. Wakaandika kwa bidii, kisha wakasimama mmoja mmoja na kusoma. Mmoja alisema baba yake ni seremala, mwingine alisema baba yake ni dereva wa lori, mwingine mvuvi, mwingine mkulima. Lakini walipofika kwenye habari za mama zao, wengi walisoma maneno yale yale. Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisoma kwa sauti kubwa: "Baba yangu ni fundi wa baiskeli. Mama yangu hana kazi."

Nikamwuliza, "Leo asubuhi, ni nani aliyeamka wa kwanza nyumbani kwenu?"

Akajibu, "Ni mama, Mwalimu."

"Akafanya nini?"

Akafikiri kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Alikwenda kuteka maji. Akawasha moto. Akapika uji. Akamwogesha mdogo wangu. Akafagia uwanja. Akashona kifungo cha shati langu. Kisha akachukua jembe, akaenda shambani na mtoto mgongoni."

"Naye baba yako alipokwenda kutengeneza baiskeli, alikwenda na njaa?"

"La, Mwalimu. Alikula kwanza."

"Alipikiwa na nani?"

Wenzake walikuwa wakicheka, lakini hapo kicheko kikakoma. Vidole vya mvulana yule vilikuwa vimekwisha, na siku ya mama yake ilikuwa haijafika adhuhuri. Akatazama daftari lake, akayakata yale maneno kwa kalamu. Lakini hakujua aandike nini mahali pake.

Wala si yeye peke yake asiyejua. Watu wazima wengi, hata wenye elimu, hata wale waandikao hesabu za serikali, wamesumbuliwa na swali hilo hilo: Je, kazi isiyolipwa mshahara ni kazi? Ili tupate jibu, natutazame habari za nchi moja ya mbali. Wanawake wa nchi hiyo waliamua kuionyesha kazi yao kwa njia ambayo watu hawakuitazamia: waliiacha kwa siku moja.

Nchi ya baridi

Katika bahari kubwa ya Atlantiki, upande wa kaskazini kabisa, kipo kisiwa kiitwacho Aisilandi. Ni nchi ya barafu na moto. Milima mingine imefunikwa na barafu mwaka mzima, na milima mingine hutapika moto. Maji ya moto hububujika kutoka ardhini, nayo hupitishwa katika mabomba ili kutia joto nyumbani. Wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu, na wakati wa kiangazi usiku hauwi giza kamili. Mji wake mkuu ni Reykjavík. Watu wake ni wachache: mwaka wa 1975 walikuwa yapata 220,000 tu. Tangu zamani wamefuga kondoo na kuvua samaki, na katika miaka hiyo samaki ndiyo mali iliyoilisha nchi.

Basi wanaume walikwenda baharini kuvua, na watu wakawasifu kwa ushujaa wao, nao walistahili sifa hiyo, maana bahari ile ni kali. Lakini samaki wakiletwa pwani ni lazima wasafishwe, wakatwe na kupangwa katika masanduku ili wauzwe ng'ambo. Kazi hiyo katika viwanda ilifanywa zaidi na wanawake, wakiwa wamesimama kutwa kucha katika maji na baridi, nao walilipwa mshahara mdogo. Hata walipotoka kiwandani hawakupumzika: nyumbani walingojwa na watoto, sufuria na nguo za kufua.

Sheria za nchi zilianza kuwajali wanawake polepole. Mwaka wa 1915 walipewa haki ya kuwachagua wajumbe wa Bunge, lakini ni wale tu waliotimiza miaka 40. Maana yake, mwanamke wa miaka 39, hata akiwa mwalimu au mama wa watoto sita, alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka wa 1920. Hata hivyo, miaka 55 baadaye, katika Bunge lenye wajumbe 60, wanawake walikuwa 3 tu. Mambo yote ya nchi yaliamuliwa na wanaume, hata yale yaliyohusu uzazi, malezi na mishahara ya wanawake.

Shauri la kupumzika

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka wa 1975 kuwa Mwaka wa Wanawake duniani pote. Wanawake wa Aisilandi walikutana mjini Reykjavík mwezi wa Juni, wakashauriana jinsi ya kuuadhimisha. Wengine walitaka wafanye mgomo, yaani waache kazi zote siku moja, ili watu waone zina thamani gani. Lakini wengine waliogopa. Walisema, "Tukiita mgomo, wakubwa wetu watapata sababu ya kutufukuza kazini. Na wenzetu wengi hawalipendi neno hilo; hawatatufuata."

Ndipo likatolewa shauri la busara: lisitumike neno mgomo, bali iitwe siku ya mapumziko ya wanawake. Maana ni nani awezaye kumkataza mama aliyechoka asipumzike siku moja? Kwa ajili ya jina hilo wanawake wa vyama vyote vya siasa na wa hali zote waliweza kuungana: wa mjini na wa vijijini, wasomi na wasio na elimu, wake wa matajiri na wasafisha samaki. Wenyeji wetu husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na wanawake hao walilitambua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 1975.

Ijumaa ndefu

Asubuhi ya siku hiyo wanaume wa Aisilandi waliamka, na nyumba zilikuwa na mambo mageni. Hapakuwa na mtu wa kupika wala wa kuwavika watoto. Karibu wanawake 9 katika kila 10 wa nchi nzima walikuwa wameweka chini kazi zao, za mshahara na zisizo za mshahara. Walitoka wakaenda mikutanoni.

Viwanda vya samaki vilifungwa. Shule nyingi zilifungwa kwa kuwa walimu wengi walikuwa wanawake, na mahali pa kuwalelea watoto wadogo palifungwa pia. Katika benki, wakubwa waliozoea kuketi ofisini iliwabidi wasimame dirishani kuhesabu fedha za watu. Mitambo ya simu ilikosa watu wa kuunganisha simu. Magazeti yalichelewa, kwa sababu wapanga herufi walikuwa wanawake.

Akina baba walichukua watoto wao wakaenda nao kazini, mifuko imejaa peremende, karatasi na kalamu za rangi ili kuwatuliza. Watu waliosikiliza redio siku ile walisikia msomaji akisoma habari za dunia, na nyuma yake sauti za watoto wakicheza. Madukani soseji zilikwisha mapema, maana ndicho chakula ambacho wanaume wengi walijua kukipika. Jioni ilipofika walikuwa wamechoka kabisa. Wengine wakaipa siku hiyo jina la Ijumaa ndefu, nao walisema hivyo kwa mzaha, kwa kuwa katika lugha yao Ijumaa ndefu ndilo jina la Ijumaa Kuu, siku ya mateso.

Wakati huo huo, katika uwanja ulio katikati ya Reykjavík, walikusanyika watu 25,000, yaani yapata mtu 1 katika kila 9 wa nchi nzima. Waliimba, wakasikiliza hotuba. Miongoni mwa waliosema alikuwamo Aðalheiður Bjarnfreðsdóttir, mkubwa wa chama cha wanawake wafanyakazi waliolipwa mshahara mdogo kuliko wote. Tena alikuwapo mwanamke mwingine aliyesimama tu kati ya watu, pamoja na mama yake mzazi na binti yake mwenye miaka mitatu. Mwanamke huyo aliongoza nyumba ya michezo ya kuigiza, na siku hiyo mazoezi ya mchezo yaliachwa. Jina lake ni Vigdís Finnbogadóttir. Tutamkuta tena mbele.

Usiku wa manane mapumziko yalikwisha. Wanawake walirudi kazini, na wapanga herufi wakapanga gazeti la kesho yake. Hakuna nyumba iliyochomwa moto wala mtu aliyepigwa. Lakini nchi nzima ilikuwa imeona kwa siku moja jambo ambalo halikuonekana kwa miaka mia: kwamba kazi za wanaume zilisimama juu ya kazi za wanawake, kama nyumba isimamavyo juu ya msingi. Msingi umefunikwa na udongo, wala mpita njia hausifu. Lakini uondoe uone.

Mambo yaliyofuata

Msidhani kwamba siku moja ilibadili kila kitu. Asubuhi ya Jumamosi mishahara ilikuwa ni ile ile. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa. Mwaka wa 1976 Bunge lilitunga sheria ya usawa wa wanawake na wanaume, likaweka na baraza la kuiangalia.

Mwaka wa 1980 ulifanyika uchaguzi wa rais. Walisimama watu 4, wanaume 3 na mwanamke 1, naye ni yule Vigdís Finnbogadóttir. Alikuwa ameachana na mumewe, akimlea binti yake peke yake, na watu wengine walitia shaka: mwanamke asiye na mume atawezaje kuwa mkuu wa nchi? Wengi wakampigia kura, naye akashinda. Akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa rais wa nchi. Alikaa katika kazi hiyo miaka 16, na mwenyewe alisema kwamba isingalikuwa ile siku ya Oktoba, asingalikuwa rais. Yasimuliwa kwamba watoto waliozaliwa na kukua katika miaka hiyo walidhani urais ni kazi ya wanawake tu, na mvulana akitaka kuwa rais ilibidi aulize kwanza kama yaruhusiwa. Twacheka, lakini tufikiri pia: ni wasichana wangapi duniani waliouliza swali hilo hilo, wala hapana aliyecheka?

Katika Bunge nako mambo yalibadilika. Mwaka wa 1983 wajumbe wanawake waliongezeka kutoka 3 wakawa 9. Mwaka wa 2009 Jóhanna Sigurðardóttir, ambaye katika ujana wake aliwahudumia abiria ndani ya ndege, akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke.

Hesabu ya saa

Hata hivyo mishahara haikulingana. Mwaka wa 2005, miaka 30 baada ya siku ile, wanawake walipiga hesabu ambayo hata ninyi mwaweza kuifuata. Walichukua siku ya kazi yenye saa 8, tangu saa 3 asubuhi hata saa 11 jioni. Wakaona kwamba mapato ya wanawake, yakilinganishwa na ya wanaume, yalikuwa kama 64 kwa 100. Basi wakasema, "Kama mwanamume hulipwa kwa siku nzima, sisi twalipwa kama watu wanaoondoka saa 8 na dakika 8 mchana. Baada ya hapo twafanya kazi bure." Tarehe 24 Oktoba, ilipofika saa 8 na dakika 8, wakaweka chini kazi zao, wakatoka.

Sababu za tofauti hiyo zilikuwa nyingi. Kazi walizozifanya wanawake wengi, kama kuuguza wagonjwa na kulea watoto, zililipwa kidogo, kana kwamba kulea mtoto ni jambo jepesi kuliko kulinda fedha. Tena wanawake wengi walifanya kazi ya mshahara kwa saa chache, kwa kuwa kazi nyingine isiyo na mshahara iliwangoja nyumbani. Hivyo ile kazi isiyoonekana ilipunguza hata kazi inayoonekana.

Mwaka wa 2016 walitoka tena, mara hii saa 8 na dakika 38. Mwaka wa 2018 walitoka saa 8 na dakika 55. Waona jinsi saa ilivyokuwa ikisogea. Tena tangu tarehe 1 Januari 2018 ilianza sheria mpya: kila mwajiri mwenye watu 25 au zaidi sharti aonyeshe kwa hati kwamba huwalipa sawa wanawake na wanaume wafanyao kazi yenye thamani sawa. Zamani mwanamke aliyepunjwa ndiye aliyepaswa kuleta ushahidi. Sasa mwajiri ndiye apaswaye kujieleza.

Dharau na dhuluma

Tarehe 24 Oktoba 2023 wanawake wa Aisilandi waliacha kazi kutwa nzima, kwa mara ya kwanza tangu 1975. Hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Katrín Jakobsdóttir, hakwenda ofisini. Je, walitaka nini, watu ambao nchi yao hutajwa kwa miaka mingi kuwa ya kwanza duniani kwa usawa? Walitaka mambo mawili: kazi ya wanawake ihesabiwe kwa thamani yake, na wanawake wasipigwe wala kudhulumiwa.

Labda mtauliza: mambo hayo mawili yahusianaje? Nitawaeleza. Mtu hamwibii yule anayemheshimu, wala hampigi. Kwanza humdharau moyoni, kisha humdharau kwa maneno, mwisho mkono hufuata njia ambayo ulimi umeifyeka. Neno la kwanza ni dogo: "Huyu ni mwanamke tu." Haba na haba hujaza kibaba, na dharau nayo hujaa hivyo hivyo.

Msichana akipita njiani, na wavulana wakamzomea au kumpigia mbinja, hujitetea wakisema ni mchezo. Lakini mchezo ni wa watu wawili, na hapo acheckaye ni mmoja. Yule mwingine huinamisha kichwa na kuharakisha mwendo, na kesho hutafuta njia nyingine, hata ikiwa ndefu. Hivyo njia iliyochongwa kwa kodi ya watu wote imekuwa ya nusu ya watu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu mwanamke 1 katika kila 3 duniani amewahi kupigwa na mume au mwenzi wake, au kutendewa jeuri juu ya mwili wake. Hiyo si habari ya nchi moja, wala kabila moja, wala dini moja.

Kwa hiyo, msichana akitishwa au akiguswa kwa namna isiyofaa, kosa si lake, hata kidogo. Na amwambie upesi mtu mzima anayemwamini. Na asiposikilizwa na wa kwanza, amwambie wa pili. Na mvulana akiona jambo hilo asinyamaze, kwa maana anayenyamaza humsaidia mkosaji.

Dunia nzima na kwetu

Turudi sasa kwenye swali letu la kazi. Mwaka wa 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu ya kazi za kutunza nyumba na watu zisizolipwa mshahara. Lilisema kwamba kwa wastani mwanamke huzifanya saa 4 na dakika 25 kila siku, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Kazi hiyo huanza utotoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto lilieleza mwaka wa 2016 kwamba wasichana wenye umri wa miaka 5 hata 14 hutumia muda uliozidi wa wavulana kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani na kuteka maji na kuni. Tena mwaka wa 2023 ilielezwa kwamba, katika nyumba zisizo na maji karibu, nyumba 7 katika kila 10 huwaachia wanawake na wasichana kazi ya kuyateka. Saa hizo ni za nini? Ni saa ambazo mvulana angeweza kusoma, na mara nyingi husoma. Na msichana angeweza kusoma, lakini yuko kisimani.

Watu wa nchi zetu wamekuwamo katika shauri hili. Mkutano mkubwa wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake ulifanyika Meksiko mwaka ule ule wa 1975. Wa pili ulifanyika Denmark mwaka wa 1980. Wa tatu ulifanyika Nairobi mwaka wa 1985, na wa nne Beijing, China, mwaka wa 1995. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano huo wa Beijing ni Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, naye kabla ya kuingia katika kazi za serikali alikuwa mwalimu kama mimi.

Mahakama zetu nazo zimeulizwa swali la yule mvulana wa dirishani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kwamba, ndoa ikivunjika, mahakama igawe mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Wanaume wengine walisema, "Mke wangu hakuleta hata shilingi moja. Alikuwa akipika tu. Ana mchango gani?" Majaji wengine waliwakubalia, wengine waliwakatalia. Hata mwaka wa 1983 shauri likafika katika Mahakama ya Rufani. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kutunza nyumba na kulea watoto, ni mchango wa kweli katika mali iliyopatikana. Hawakusema kwamba kila mke atapata nusu. Kila shauri hupimwa peke yake. Lakini tangu siku hiyo hakuna tena awezaye kusimama mbele ya mahakama hizo na kusema kwamba kazi hiyo si kitu. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo yasema waziwazi kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani ni mchango.

Basi jibu tumelipata. Kazi isiyo na mshahara ni kazi. Hakimu ameliandika, na wanawake wa kisiwa cha barafu wameonyesha kwa vitendo.

Mafagio na ndoo

Sitaki mfikiri kwamba nawafundisha jambo nililolijua siku zote. Mimi nami nina hatia. Kwa miaka mingi, kengele ya asubuhi ilipolia, niliwaambia wasichana washike mafagio na ndoo, na wavulana niliwaacha wacheze mpira. Sikuwa na nia mbaya. Ndivyo nilivyoikuta desturi, nami sikuitazama mara mbili. Siku moja msichana mmoja, hodari wa hesabu, aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, je, vumbi la darasani huingia kwa miguu ya wasichana tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nikatwaa orodha ya majina, nikaandika zamu mpya, wavulana na wasichana pamoja. Wiki ya kwanza wavulana walinung'unika, na wawili hawakujua hata kushika fagio. Wiki ya tatu walikuwa wamekwisha kujifunza. Na msichana yule alipata dakika 30 kila asubuhi za kusoma kitabu chake. Samaki mkunje angali mbichi, na ninyi ndio samaki wabichi wa leo.

Yule mvulana wa dirishani alirudi kesho yake na daftari lake. Chini ya maneno yale aliyoyakata alikuwa ameandika orodha ya kazi za mama yake tangu alfajiri hata usiku, nayo ilijaza ukurasa mzima ikaendelea nyuma yake. Mwisho wa orodha aliandika mstari mmoja: "Kuteka maji nitateka mimi."

Nikampa alama zote.

Maswali

1. Kwa nini wanawake wa Aisilandi hawakuiita siku yao mgomo?

2. Taja mambo matatu yaliyosimama nchini humo tarehe 24 Oktoba 1975, na ueleze kwa nini.

3. Mwaka wa 2005 wanawake walitoka kazini saa 8 na dakika 8, na mwaka wa 2016 saa 8 na dakika 38. Kama mwendo ungebaki ule ule, ingechukua yapata miaka mingapi tena tangu 2016 kufika saa 11 jioni?

4. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua nini mwaka wa 1983?

5. Andika kazi zote zilizofanyika nyumbani kwenu jana tangu alfajiri hata usiku, na mbele ya kila kazi jina la aliyeifanya. Kisha chagua moja ambayo utaifanya wewe tangu leo.